Wakuu, mbwa anaogeshwa kila baada ya muda gani?

Mfugaji wa Goba: Heshima kwenu wakuu. Nina dume la German Shepherd. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa alinde. Kwa joto hili la Dar ananuka, na watoto wanapenda kumshikashika, kwa hiyo tunamwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya mche. Sasa anajikuna mno, mba inadondoka, na siku mbili baada ya kuoga harufu imerudi palepale. Mama watoto anataka tumwogeshe mara mbili kwa wiki. Mlinzi anasema mbwa haogeshwi, mvua inamtosha. Naombeni ushauri.

Kibopa: Mara mbili kwa wiki? Utammaliza huyo mbwa, mkuu.

Dokta Mifugo: Mkuu, hapo mlinzi yuko karibu na ukweli kuliko mama watoto. Ngozi ya mbwa hutoa mafuta yanayoilinda. Sabuni ya mche ni ya kufulia, ni kali, inayakomba yote. Ngozi ikikauka inatoa mba, mbwa anajikuna, anajichubua, kisha bakteria na fangasi wanapata pa kuzaliana. Harufu inayorudi haraka namna hiyo mara nyingi inatoka kwenye ngozi yenyewe, kwa hiyo ukizidisha kuogesha unazidisha tatizo.

Shepherd mwenye afya anatosheka na kuoga mara moja kwa mwezi, hata miezi miwili ikipita si neno. Tumia shampuu ya mbwa. Ya binadamu haiendani na ngozi yake. Msuuze mpaka povu liishe kabisa, maana manyoya yake yana tabaka mbili na sabuni hujificha chini. Akichafuka matope katikati ya mwezi, maji matupu yanatosha. Kazi kubwa iwe brashi, mara mbili tatu kwa wiki: inatoa vumbi na manyoya yaliyokufa, na ndipo utakapoona kupe mapema.

Mama Chui: Naongezea kuhusu kupe, kwa sababu wengi wanaogesha kila wiki wakidhani wanawamaliza. Kupe wa mbwa hutagia kwenye nyufa za ukuta na za banda. Bandani kusiposafishwa na kupigwa dawa, mbwa atatoka kuoga na kuwapata upya. Na tafadhalini, dawa ya kuogeshea ng'ombe msimpakie mbwa kwa kukadiria kwa macho, ni sumu, hasa kwa watoto wa mbwa. Kama unatumia dawa ya matone ya mgongoni, usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuiweka, itaoshwa bure.

Mfugaji wa Goba: Asanteni sana. Nimemkagua sasa hivi. Kupe sijaona, ila sikio la kushoto lina uchafu mweusi na linanuka vibaya.

Dokta Mifugo: Basi sehemu ya harufu umeipata. Usimwagie maji humo wala usichokonoe kwa kijiti. Sitisha kuogesha, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii aangalie sikio na ngozi kwa pamoja. Uchafu kama huo unaweza kuwa wa utitiri, yaani vijidudu vidogo vya sikioni, au wa fangasi, na dawa ya utitiri si dawa ya fangasi, lazima apime kwanza. Siku ya kumwogesha tena, mwekee pamba masikioni na uzitoe ukimaliza.

Mfugaji wa Goba: Kesho asubuhi nampeleka, dokta. Sabuni ya mche nimeshairudisha kwenye nguo.