Maluach atoke Duke mwaka huu au abaki? Tuitazame vizuri mechi ya Houston

Wakuu, Jumamosi hii, 5 Aprili 2025, Duke na Houston wanakutana San Antonio, ndani ya Alamodome, kwenye nusu fainali ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni usiku wa kuamkia Jumapili, saa tisa na dakika 49. Mshindi anamsubiri Florida au Auburn fainali ya Jumatatu. Timu zote nne zilizobaki zilipangwa namba moja katika kanda zao, jambo ambalo kabla ya mwaka huu lilitokea mara moja tu, 2008. Hakuna aliyebahatisha kufika hapa.

Mada ninayoiweka mezani ni ya senta (mchezaji mrefu wa chini ya kikapu) wa Duke, Khaman Maluach. Amezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, na mpira wa kikapu ameanza kuujua akiwa na miaka 13. Ana miaka 18 sasa, urefu wa futi 7 na inchi 2, na huu ndio mwaka wake wa kwanza chuoni. Wanaopanga orodha za drafti ya NBA, yaani zamu ya timu za ligi kuu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, wengi wanamweka ndani ya kumi bora au jirani kabisa na hapo. Ubishi unaoendelea huku kwetu, hasa kwa Waganda na Watanzania, ni huu: aingie drafti mwezi Juni, au abaki Duke mwaka mwingine akomae?

Mimi nasema aende. Na nitajibu hoja za wanaosema abaki, kwa sababu si hoja za kupuuzwa.

Hoja yao kubwa ni Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, naye alianza mpira akiwa amechelewa, naye alifika nusu fainali ya vyuo, mwaka 2009 akiwa na chuo cha Connecticut. Kwenye drafti, Memphis ya NBA wakamchukua chaguo la 2, nyuma ya Blake Griffin peke yake na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakampeleka ligi ya chini, Dakota Wizards. Februari 2011 wakamuuza Houston Rockets, timu ya NBA, si chuo hiki cha Houston. Alicheza mechi 224 kwa jumla, wastani wa pointi 2.2, na baada ya 2014 hakuonekana tena NBA. Watanzania tuliumia, na maumivu hayo ndiyo yanayosema kila akitokea kijana mrefu kutoka ukanda huu: msimharakishe, mtamharibu.

Lakini ndugu zangu, Thabeet hakuharakishwa. Alikaa Connecticut miaka mitatu kamili. Mwaka wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka) 10.8 na bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 4.2. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East miaka miwili mfululizo. Kama kukaa chuoni ndiyo dawa, yeye aliinywa yote.

Turudi kwenye usiku mmoja ambao kwangu unaeleza kila kitu. Tarehe 16 Februari 2009, Hartford, Connecticut wakiwa namba moja nchini wanacheza na Pittsburgh. Ilikuwa siku Thabeet anatimiza miaka 22. Upande wa pili yupo DeJuan Blair, futi 6 na inchi 7, mfupi wake kwa zaidi ya nusu futi, lakini mapaja na makalio ya mtu aliyezaliwa kubanana. Mapema tu mikono yao inanasana wakigombea mpira. Blair anavuta, anamvusha Thabeet juu ya bega lake na kumlaza chini. Mechi ilipoisha Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu. Udhaifu ulikuwa wazi mbele ya kila skauti: mtu mfupi mwenye nguvu akishuka chini, akiweka kiuno kwenye mapaja ya Thabeet, Thabeet anasogezwa. Chuo hakikuliondoa tatizo lile kwa sababu chuoni mtu wa urefu ule hashinikizwi kila usiku. Wapinzani wengi anawazidi kwa kunyoosha mkono tu, kisha takwimu zinapendeza, kocha anaridhika, msimu unaisha. Watu wa aina ya Blair anakutana nao mara chache kwa mwaka. NBA anakutana nao Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Na alipofika Memphis, mbele yake kulikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph, kwa hiyo hata dakika za kujifunzia hazikuwepo. Yaliyomkwamisha ni miguu, nguvu za chini na timu aliyoangukia. Mwaka wa nne chuoni usingegusa hata kimoja.

Sasa ndiyo maana mechi ya Houston naisubiri kuliko mechi nyingine yoyote ya Maluach msimu huu. Houston ni timu ya kina Blair. J'Wan Roberts na Joseph Tugler wote ni futi 6 na inchi 8 hivi, hawana urefu wa kutisha, lakini wanaingia chini ya kikapu kama watu wanaodai chao. Roberts yupo mwaka wake wa sita chuoni, ni mtu mzima. Tugler ana mikono mirefu isiyolingana na kimo chake. Kocha Kelvin Sampson amewafundisha kwamba mpira uliokosa kikapu bado ni wao. Wamepoteza mechi nne tu msimu mzima, na tatu kati ya hizo ziliamuliwa muda wa ziada. Hakuna timu ya daraja la kwanza inayoruhusu pointi chache kuliko wao. Wapinzani hawafiki 60 kwa wastani. Tennessee, robo fainali, walienda mapumziko wakiwa na pointi 15.

Kwa hiyo wakati mnatazama, msihesabu danki za Maluach. Danki zitakuwepo, anarushiwa pasi ya juu na anamalizia. Ndiyo maana anafunga zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake. Tazameni mpira unaporushwa na Houston halafu ukakosa. Je, Maluach anamtafuta mtu kwanza, anampa mgongo na kumfungia nje, au anageuka kuutazama mpira hewani? Kijana mrefu ana tabia ya kuutazama mpira kwa sababu tangu utotoni umekuwa ukimfikia wenyewe. Kwa Roberts na Tugler hautamfikia. Akikosa ribaundi usiku huo, Duke watakuwa taabani hata kama kila kitu kingine kinakwenda sawa.

Jambo la pili ni gumu zaidi na linasemwa kidogo. Houston wana desturi ya kumbana mwenye mpira kwa watu wawili mara senta anapoweka skrini, yaani anaposimama kumzuia beki ili mwenye mpira apite. Maana yake Maluach atapokea mpira katikati, hatua tano kutoka kikapuni, mbele yake wamebaki mabeki watatu dhidi ya wachezaji wanne wa Duke. Hapo inatakiwa akili ya haraka: dribo moja apande, au pasi ya kona kwa mwenzake Kon Knueppel. Msimu huu pasi zake za kufunga hazifiki hata moja kwa mchezo. Hapa wanaosema abaki wana hoja ya kweli kabisa, nami naikubali: kusoma mchezo katikati ya uwanja bado hakujaiva.

Lakini kuna mambo mawili anayo ambayo Thabeet hakuwa nayo. La kwanza, miguu. Duke ya kocha Jon Scheyer inabadilishana watu kwenye ulinzi, na mara nyingi Maluach anajikuta mbele ya gadi (mchezaji wa nje) mwepesi nje kabisa ya mstari wa pointi tatu, na bado anabaki mbele yake. Wanaolalamika kwamba bloku zake ni moja na kidogo tu kwa mchezo, wakati Thabeet alikuwa na nne, wanasahau kazi hiyo. Thabeet alisimama chini ya kikapu akisubiri. Maluach anatumwa nje, na NBA ya leo inamtaka senta wa kutumwa nje. La pili, mkono. Mitupo huru anaingiza zaidi ya asilimia 75. Mtu wa futi 7 mwenye mkono laini namna hiyo ana nafasi ya kujifunza kurusha mbali.

Wengine wanasema bado ni mtoto. Mtoto huyu alicheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na watu wazima akiwa na miaka 15, akivaa jezi ya Cobra Sport ya Sudan Kusini. Mwaka jana aliichezea City Oilers ya Kampala kwenye BAL hiyo hiyo. Akiwa na miaka 16 alikuwa Kombe la Dunia, akiwa na 17 alikuwa Olimpiki ya Paris na timu ya taifa ya Sudan Kusini, iliyowapiga Puerto Rico 90 kwa 79, na ambayo wiki chache kabla, London, ilifungwa na Wamarekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Rais wa shirikisho lao, Luol Deng, mwenyewe alikaa Duke msimu mmoja tu, akachaguliwa wa 7 mwaka 2004, na maisha yake ya mpira hayakuharibika.

Kisha kuna suala la pesa, ambalo naona tunalikwepa. Siku hizi mchezaji wa chuo Marekani anaweza kulipwa kwa jina na sura yake, kwa hiyo Mmarekani akishauriwa abaki, anabaki huku anaingiza. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo amefungwa mikono. Hawezi kufanya matangazo pale Marekani kwa uhuru kama mwenzake wa chumba kimoja. Upande wa pili, chaguo lolote la raundi ya kwanza lina miaka miwili ya mshahara wa uhakika, na kwa nafasi anazotajwa ni mamilioni ya dola kila mwaka. Kumwambia kijana wa familia iliyokimbilia Kawempe aahirishe hayo, halafu goti likakatika mwezi Novemba, ni ushauri ambao anayeutoa hataulipia chochote.

Utabiri wangu: Duke kwa pointi nne. Cooper Flagg wa Duke ndiye mchezaji bora uwanjani na anaelekea kuwa chaguo la kwanza. Houston watampunguza, hawatamzima. Ila kama Houston wakipata nafasi ya pili na ya tatu ya kurusha kila shambulio, na mtupaji wao L.J. Cryer akawa moto nje, sitashangaa wakigeuza meza dakika za mwisho. Mwaka jana Duke waliwatoa 54 kwa 51, Jamal Shead wa Houston akiwa ameumia kifundo cha mguu, na watu wale hawajasahau.

Wanaosema Maluach abaki, naomba jibu moja lenye nyama. Mwaka wa pili Duke utampa nini ambacho hawezi kukipata akiwa na kocha wa NBA na mtaalamu wa mazoezi anayemshughulikia yeye kila asubuhi? Na kama jibu ni dakika za kucheza, mbona msimu huu Duke wanampa 21 tu kati ya 40?