Fenbelti (mkanda wa nje wa injini) kuruka au kuteleza: ilikupata wapi, na chanzo kilikuwa nini? Tupeane uzoefu

Probox wa Kasarani
Wadau, salaam. Juzi nikitoka mjini jioni, Thika Road pale Pangani, taa ya betri iliwaka. Nikadhani ni betri tu imechoka, maana ina umri. Mara AC ikaanza kupuliza joto, na taa nyekundu ya injini kuchemka ikafuata. Nikazima gari papo hapo, nikaweka pembetatu nyuma. Kufungua boneti, mkanda umetoka kwenye puli (magurudumu unayozunguka) na umening'inia chini, mzima, haujakatika.

Makanika aliyekuja aliurudisha, akakaza altaneta (ile inayochaji betri), akaenda zake. Haukumaliza wiki, ukaruka tena. Safari hii fundi wa pili hakukimbilia kuurudisha mkanda. Aliuvua wote, akazungusha puli moja moja kwa mkono. Zote zilikuwa laini isipokuwa ya altaneta, ambayo ilikwaruza kama ina mchanga ndani, na ukiitikisa inacheza. Beringi imekufa. Akabadilisha beringi, akaweka mkanda mpya, na mpaka leo kimya.

Sasa naomba tusimuliane. Nataka chanzo halisi, si "niliweka mpya ikaisha".

Mama Fielder, Kahawa West
Yangu haikuruka, ilikuwa inapiga mayowe asubuhi mpaka mlinzi wa geti akawa ananisalimu akicheka. Ikipata joto, inanyamaza. Ikinyesha, inarudi. Nilipelekwa kwa fundi mmoja akaupaka mkanda sabuni ya kipande. Ikanyamaza hadi Roysambu!

Aliyenisaidia ni kijana wa karakana ndogo huku kwetu. Alimulika tochi upande wa mkanda akanionyesha mafuta ya injini yanavyoshuka taratibu kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, yanadondokea mkanda. Mpira ulikuwa unang'aa na umevimba. Akaweka gasketi, akasafisha puli zote, ndipo akaweka mkanda. Aliniambia angeweka mkanda mpya bila kuziba yale mafuta, ningerudi kwake kabla ya mwezi kwisha.

Subaru wa Rongai
Mimi uliruka Lang'ata Road, usukani ukawa mzito ghafla na taa ya betri ikawaka. Nilizima redio, AC na kila kitu kinachokula umeme, nikajikokota mpaka nyumbani. Joto halikupanda hata kidogo. Kwa hivyo jamani, msiogope sana.

Fundi wa Grogan
Ndugu wa Rongai, hapo utaua gari za watu. Kwenye injini yako pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule wa ndani. Mkanda wa nje unazungusha altaneta na pawa stelingi, ndiyo maana ulifika. Lakini Probox, Fielder na Vitz zenye injini ya 1NZ, pampu ya maji iko kwenye huo huo mkanda wa nje. Ukitoka, maji hayazunguki. Ukilazimisha kufika stendi inayofuata, umeunguza gasketi ya silinda hedi, na bei ya hiyo si ya mkanda tena. Kama hujui yako iko kundi gani, zima.

Nimesoma hadithi zenu, na kitu kimoja kinajirudia: mkanda unalaumiwa kwa dhambi za vitu unavyovizungusha. Hapa kwangu wanaokuja na mkanda ulioruka, swali langu la kwanza ni nini kiliusukuma.

Kelele mnaweza kupima wenyewe. Injini ikiwa inaunguruma bila mwendo, chukua chupa ya maji, nyunyizia kidogo tu upande wenye mifereji. Mikono, leso na mikono mirefu ya shati vikae mbali. Kelele ikizidi, mkanda unateleza: umelegea, au tenshona (kifaa kinachoukaza) imechoka. Ikipotea kisha ikarudi baada ya muda mfupi, tafuta puli iliyokaa upande, haijalingana na wenzake. Simama mbele ya mkanda uutazame: ukiona unatembea kushoto na kulia juu ya puli, au ukingo wake mmoja umechanika nyuzi, ni hilo hilo.

Usisahau puli kubwa ya chini, ya krankshafti. Ina mpira katikati yake, kati ya chuma cha ndani na cha nje. Mpira ukiachia, chuma cha nje kinayumba na kuutema mkanda. Wengi hubadilisha mikanda mitatu bila kuiangalia hiyo.

Halafu kuna hii imani kwamba mkanda usio na nyufa ni mzima. Ilikuwa kweli kwa mpira wa zamani. Mikanda ya siku hizi ni ya EPDM, aina ya mpira mgumu kupasuka, nayo inalika. Mifereji inakuwa na kina kuliko kawaida na mkanda unazama ndani ya puli. Kwa macho unaonekana mpya.

Demio Umoja
Fundi, na kukaza? Mmoja alinikazia mpaka ukawa unalia kama gitaa.

Fundi wa Grogan
Huyo alikuuzia beringi ya altaneta bila wewe kujua. Mkanda ukikazwa mno, unavuta shafti upande mmoja mchana na usiku, na beringi za altaneta na pampu ya maji ndizo zinalipa. Kwa gari isiyo na tenshona ya kujikaza, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ndefu kati ya puli mbili: ushuke kama sentimita moja hivi. Zenye tenshona ya springi hazikazwi. Ikiwa legevu, inabadilishwa.

Noah Ruaka
Yangu ni fupi. Nilinunua mkanda dukani Kirinyaga Road, muuzaji akauangalia kwa macho akasema "huu ndio". Ulikuwa mrefu kidogo. Tenshona ikafika mwisho wake, na mkanda ukatoka siku ya mvua. Sasa siondoki bila ule wa zamani mkononi na kusoma namba. 6PK1230 maana yake mifereji sita, urefu milimita 1230. Ukipewa 1240, mrudishie.

Premio South B
Mvua za Aprili 2024 zilinifunza kuhusu ile plastiki ya chini ya injini. Yangu iling'olewa na shimo la barabara, nikaona haina maana, nikaiacha. Nikapita maji Enterprise Road, yakarushwa moja kwa moja kwenye mkanda, ukateleza, taa ya betri ikawaka na kuzima. Kuvua mkanda, tukakuta kokoto ndogo imenasa kwenye mfereji wa puli. Plastiki ya mtumba niliipata bei ya kutupa na nimeifunga na vishikizo vipya.

Mzee wa Matatu
Vijana, zamani tulifunga soksi ndefu za mama, tukafika Machakos.

Fundi wa Grogan
Mzee wangu, heshima. Hizo zilikuwa enzi za mkanda wa V, kila kifaa na wake, puli mbili tatu. Huu mmoja unapinda kote na unazungusha mpaka kwa mgongo. Soksi haitashika.

Probox wa Kasarani
Asanteni. Nyongeza kwa wanaoujaribu wenyewe: kabla ya kuuvua, pigeni picha ya njia yake kwa simu, maana wengi hatuna ile stika chini ya boneti. Na toeni waya wa hasi wa betri kabla ya kulegeza altaneta. Baada ya kuurudisha, mita iwe inasoma volti 13.8 hadi 14.5 kwenye betri injini ikiwaka. Yangu ilikuwa 12.3 kabla ya ile beringi.

Swali la mwisho, fundi: hiyo beringi ya altaneta, nimwambie muuzaji nini asiniletee isiyofaa? Dada yangu ana Vitz inayoanza kukwaruza.

Fundi wa Grogan
Itoe ya zamani usome ubavuni. Ikiandikwa 6303, kwa mfano, tundu lake ni milimita 17, upana wa nje 47, unene 14, na hiyo utaipata duka lolote la beringi bila hata kutaja gari. Angalia herufi zinazofuata: 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina bati. Mchukulie ile ile iliyotoka. Na kwa vile altaneta imeshafunguliwa, beringi ya nyuma pia abadilishe, hata kama haijalia.