Naomba ushauri: utafiti wa tauni ya Bombay na afya ya umma katika India ya wakoloni, nianzie wapi?

Mkuki_wa_Wino
Wakuu, shikamooni wakubwa; rika langu, mambo vipi.

Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili katika historia. Mada niliyopeleka, "Tiba na afya ya umma katika India ya wakoloni", imerudishwa na msimamizi: pana mno. Nafikiria kuibana kwenye tauni ya Bombay (leo Mumbai) iliyoanza 1896. Nauli ya London wala Delhi sina, lugha ni Kiingereza tu, muda ni miezi minane. Je, inawezekana kwa nyaraka za mtandaoni peke yake? Na takwimu za vifo za enzi zile nizichukulieje? Kila kitabu kina namba yake.

---

Mzee_wa_Majalada
Marahaba, mdogo wangu. Bado ni pana. Tauni ya Bombay peke yake ina karantini ya meli, ukaguzi wa abiria wa treni, hospitali, chanjo ya tauni ya mtaalamu wa bakteria Haffkine, ubomoaji wa nyumba, ghasia, na safari za hija zilizosimamishwa 1897. Chukua kimoja, na miaka isiyozidi miwili. Kwa miezi minane ningechukua kipindi cha Septemba 1896, Dk. Acacio Viegas alipoitambua tauni mtaa wa Mandvi, hadi ghasia za Bombay za Machi 1898. Katikati yake kuna Sheria ya Magonjwa ya Mlipuko ya Februari 1897. Isome yenyewe kabla ya kusoma yeyote anayeieleza. Ni vifungu vichache tu, na ufupi ule ndio uliowapa maofisa mamlaka karibu yasiyo na mpaka.

Sasa kitu kinachowapoteza wengi. Nyaraka zile hazikupangwa kwa ugonjwa, zimepangwa kwa ofisi iliyoshika kalamu. Serikali Kuu ya India ilikuwa na Home Department (mambo ya ndani), ndani yake tawi la Sanitary (usafi) na tawi la Medical (tiba). Tauni iko Sanitary, na ilipokua ikapewa kijitawi chake. Lakini serikali ya mkoa wa Bombay iliweka yake General Department, na makabrasha hayo leo yako Hifadhi ya Nyaraka ya Maharashtra, Mumbai. Mambo ya wanajeshi yako idara ya jeshi. Ukitafuta "plague" tu bila kujua ofisi, utapata vipande ukadhani ndiyo yote.

Kila tawi lilipanga karatasi zake kwa daraja. "A" ni mambo mazito, yalichapwa kwa mtambo. "B" ni ya kawaida, mengi hayakuchapwa. "Deposit" ni ya kupita, mengi yalichomwa muda wake ulipoisha. Mwisho wa faili la A tafuta herufi K.W. Hapo ndipo maofisa walipoandikiana maoni yao kabla ya barua rasmi kutoka: nani alipinga, nani aliogopa ghasia, nani alisema fedha hakuna. Nakala zilizopelekwa London kwa kawaida hazina maoni hayo. Kwa hiyo mtu aliyesoma London tu anaona serikali yenye sauti moja, kumbe Calcutta, makao ya Serikali Kuu, na Bombay walikuwa wakivutana.

Njia ya kufanya: fungua faharisi ya mwaka ya tawi husika, nenda kwenye neno la ugonjwa, nakili mwezi, daraja na namba, ndipo uombe au utafute faili. Kwenye tanbihi andika yote kwa mpangilio huohuo: idara, tawi, daraja, mwezi na mwaka, namba. Ukiacha mwezi, hakuna atakayelipata tena, wewe mwenyewe ukiwemo.

---

Binti_wa_Bandarini
Mkuki, mtandaoni inawezekana, ila kwa mpango. Anza na Maktaba ya Taifa ya Scotland. Wana mkusanyiko wa bure wa historia ya tiba ya India ya Waingereza: ripoti za magonjwa, za chanjo, za hospitali za wagonjwa wa akili, za maabara. Unashusha kurasa bila kulipa.

Pili, jarida la Indian Medical Gazette lililotoka Calcutta kuanzia 1866. Limewekwa lote kwenye PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya tiba, bure. Humo madaktari wanabishana wao kwa wao, na ubishi ule una faida kuliko ripoti iliyopigwa pasi.

Tatu, Abhilekh Patal, mlango wa mtandaoni wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya India. Unajisajili kwa barua pepe, kisha unasoma mafaili yaliyokwisha kupigwa picha. Ukikuta jina la faili bila picha, usilifute kwenye orodha yako. Nakili anwani yake, maana mwanafunzi wa Delhi anaweza kukuangalizia, au ukaomba nakala.

Makosa ya utafutaji: kompyuta inasoma vibaya chapa za zamani, kwa hiyo neno lipo ukurasani na utafutaji unasema halipo. Pitia yaliyomo kwa macho. Tumia tahajia za enzi hizo, Poona si Pune, Cawnpore si Kanpur. Magonjwa pia yalikuwa na majina mengine. "Enteric fever" ni homa ya matumbo. Mwanzoni mwa tauni usitafute tauni tu, tafuta na homa, kwa sababu wapo waliokwepa kulitaja jina lenyewe: bandari ikitangazwa ina tauni, biashara inasimama.

Kwa makabrasha ya India Office (wizara ya London iliyosimamia India) yaliyoko British Library, jua herufi tu kwa sasa: P ni mijadala ya serikali, V/24 ni ripoti za mwaka za idara, V/26 ni kamati na tume, L/R/5 ni muhtasari wa magazeti ya wenyeji. Shambulio la mtandaoni la Oktoba 2023 lilivuruga katalogi yao, kwa hiyo thibitisha kwanza kabla ya kuagiza chochote.

---

Takwimu_Mbichi
Nijibu la vifo, maana hapo ndipo tasnifu nyingi huzama.

Vijijini, aliyeripoti kifo mara nyingi alikuwa mlinzi wa kijiji, chowkidar, aliyekwenda kituo cha polisi na kutaja sababu kwa mdomo. Fomu ilikuwa na mafungu machache: kipindupindu, ndui, homa, magonjwa ya tumbo, ajali, mengineyo. Ndiyo maana "homa" inaongoza mwaka baada ya mwaka. Si malaria peke yake ile. Ni kichomi, kifua kikuu, homa ya matumbo, na kila kilichomshinda mlinzi kukitaja. Ukiandika "homa" kuwa malaria umeshapotea.

Mjini Bombay tatizo ni jingine. Familia zilificha ugonjwa kwa sababu ukijulikana mgonjwa anachukuliwa kwa nguvu hospitalini, jamaa wanapelekwa kambini, na vitu vinachomwa. Lakini maiti ni ngumu kuificha kuliko sababu ya kifo. Kwa hiyo usianze na safu ya tauni, anza na jumla ya vifo vyote. Chukua vifo vya kila wiki kuanzia Septemba 1896, tafuta wastani wa wiki hiyohiyo katika miaka mitano iliyotangulia, 1891 hadi 1895, kisha toa. Tofauti ndiyo vifo vya ziada. Linganisha na tauni iliyoandikishwa. Pengo kati yake linakueleza ni kiasi gani kilifichwa au kuandikwa kwa jina lingine.

Usikokotoe vifo kwa kila watu 1,000 bila kuangalia unagawanya kwa nini. Sensa ya 1891 iliipa Bombay watu 821,764, na ripoti za miaka iliyofuata ziliendelea kuegemea sensa hiyo. Mapema 1897 mamia ya maelfu walikuwa wamekimbia mji. Kugawa vifo vya Februari 1897 kwa watu ambao hawakuwepo kunashusha kiwango kwa uongo. Sensa ya 1901 ilipata 776,006. Usiseme upungufu wote ni maiti, wengine walikuwa hawajarudi tu.

Kitu kidogo kinachoumiza: koma zao. 8,21,764 ni hiyohiyo 821,764. Laki yao ni laki yetu (neno tumelitoa hukohuko), na krore ni laki 100. Fedha za enzi hizo: rupia 1 ilikuwa ana 16, ana 1 ilikuwa pai 12.

---

Mkuki_wa_Wino
Asanteni sana, wakuu. Nimebana: upekuzi wa nyumba na utengaji wa wagonjwa, Bombay, 1896–1898. Wasiwasi wangu mmoja: vyanzo vyote ni vya Waingereza. Wahindi wenyewe nitawasikia wapi bila Kimarathi? Na msimamizi anauliza kama kuna uhusiano na kwetu.

---

Binti_wa_Bandarini
Ile L/R/5. Kila wiki mfasiri wa serikali alifupisha magazeti ya lugha za wenyeji kwa Kiingereza, kwa siri, ili maofisa wajue watu wanasema nini. Ni hazina, ila kumbuka mfasiri alikuwa anatafuta uchochezi. Shukrani, matangazo ya dawa, mashauri ya kusafisha nyumba, vyote aliviruka. Sawazisha na gazeti la Mahratta, lililoandikwa kwa Kiingereza, dada yake Kesari la Kimarathi; yote mawili ya Tilak, mwanasiasa mzalendo wa Poona. Tilak alifungwa 1897 kwa uchochezi kutokana na maandishi ya Kesari, baada ya ofisa wa tauni wa Poona, W. C. Rand, kupigwa risasi Juni 22. Lakini usimfanye mpinga tiba. Alianzisha hospitali ya tauni kwa ajili ya Wahindu hapohapo Poona. Aliyopinga ni jinsi askari walivyoingia majumbani.

Hospitali za jumuiya kama hiyo ndizo zingekupa sura nzima ya tatu: watu walikubali kutengwa pale walipolishwa na kuuguzwa na wenzao.

---

Mzee_wa_Majalada
Jambo moja la kuchunga katika sura hiyo: usiwahukumu wa 1897 kwa elimu ya kiroboto. Daktari Mfaransa Simond alimwonyesha kiroboto wa panya kuwa msambazaji mwaka 1898, Karachi, na wengi hawakumwamini hadi tume ya utafiti iliyoanza 1905 ilipothibitisha. Kabla ya hapo adui alikuwa uchafu, hewa na mwili wa mgonjwa, ndiyo maana chokaa, asidi ya kaboliki na kumwaga maji kwenye mifereji. Tena kubomoa na kuosha kuliwahamisha panya nyumba ya jirani.

Kuhusu kwetu, jina la kufuata ni W. J. Simpson. Alikuwa ofisa wa afya wa mji wa Calcutta, 1886 hadi 1897. Mwaka 1913 akatumwa Afrika Mashariki kukagua usafi, na ripoti yake ikapendekeza miji igawanywe kwa rangi: Wazungu, Waasia, Waafrika. Barua za Kenya za wakati huo ziko Kew, London, mfululizo wa CO 533. Mengine yaangalie Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, Nairobi. Hiyo nauli yake ni ya basi. Ila iwe sehemu ya hitimisho, kurasa nne au tano. Ukiifanya sura nzima, utakuwa umerudi kulekule kwenye "pana mno" ya msimamizi.

---

Takwimu_Mbichi
Na picha za skrini zipe majina siku hiyohiyo: idara_tawi_daraja_mwaka_mwezi_namba. Picha 900 zenye jina "IMG" ni kazi ya wiki mbili kuzipanga, na hizo huna.