Jirani ananipa katoto ka paka, nina mtoto wa miaka 3, naombeni ushauri

MamaWawili_Tabata: Wakuu habari za jioni. Nina watoto wawili, wa kike miaka 7 na wa kiume miaka 3, panya wametuzidi humu ndani na watoto nao kutwa wanalilia paka. Jirani paka wake kazaa anasema nikachukue kamoja hata wiki hii ila bado kananyonya. Nichukue au nisubiri? Huyu mdogo kila kitu anakibana ndo kinachonipa wasiwasi

BibiPaka: Dada subiri kwanza. Kafike angalau wiki 8, zikifika 12 ndo bora zaidi, kwa mama na wenzake ndo kanajifunza kucheza bila kung'ata. Sasa hivi uwe unaenda na watoto mkawazoee hukohuko, na usichague rangi jamani, angalia anayekuja mwenyewe kunusa mkono na ukimbeba anatulia. Ila kwa mtoto wa miaka 3 mi ningetafuta paka mkubwa mpole aliyekulia kwenye nyumba ya watoto, kadogo kanaumizwa haraka halafu kakiogopa kanakwaruza

Kinondoni_Vet: Naongezea hapo. Akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, paka nao wanaugua na wanaambukiza watu, na dawa ya minyoo pia muhimu. Akimng'ata au kumkwaruza mtoto osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali. Maziwa ya ng'ombe achana nayo wengi yanawaharisha, mpe maji na dagaa wa kuchemsha bila chumvi, nyama pia, ugali mtupu haumtoshi. Kama una mimba kinyesi azoe mtu mwingine, kila siku

MamaWawili_Tabata: Asanteni sana, mimba sina. Na siku akifika nifanyeje?

BibiPaka: Mweke chumba kimoja siku za mwanzo, boksi la mchanga liwe mbali na chakula, awe na sehemu ya juu ambayo mdogo hafiki. Watoto wakae chini wamsubiri aje, wasimfukuzie. Akila au akilala asiguswe, akianza kupigapiga mkia wamwache kachoka huyo. Huyo wa miaka 3 usimwache naye peke yao hata kidogo

Kinondoni_Vet: Dada umesema panya, kama unatega sumu itoe yote kabla paka hajaingia, akila panya mwenye sumu na yeye anaweza kufa