Mhusika anayekutana na mfano wake mwenyewe: niuache mswada au niuokoe?

KalamuChanga aliuliza:

Ndugu waandishi na wasomaji wenzangu, naomba ushauri juu ya hadithi fupi ya kutisha ambayo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Inamhusu kijana anayemuuguza mama yake. Jioni moja anarudi kutoka kazini, na mama, badala ya kumpokea kama kawaida, anamuuliza kwa mshangao, "Mwanangu, si umeniaga sasa hivi?" Kuanzia hapo kijana anang'amua kwamba yupo mtu mwenye sura yake, sauti yake na mwendo wake, ambaye huingia nyumbani kila yeye anapotoka. Kilele ni usiku ambao wawili hao wanakutana mbele ya kioo na kupigana, kisha sentensi ya mwisho inafichua kwamba anayetusimulia ni yule wa bandia.

Niliwapa mswada wasomaji watatu ninaowaamini. Wote waliisifu lugha, na wote, bila kushauriana, wakasema kwamba walikuwa wamekwisha kuujua mwisho walipofika ukurasa wa pili. Mmoja alinieleza kwa upole kwamba pacha mwovu ni muwa uliokwisha kutafunwa na kila mtu. Namwelewa: Mmarekani Edgar Allan Poe alimwandika mwaka 1839 katika hadithi "William Wilson", Mrusi Dostoevsky akamwandika mwaka 1846, na baada yao sinema hazikusaza kitu. Hata hivyo nashindwa kumwacha, kwa sababu sijapata picha nyingine inayonitisha mimi mwenyewe kama ile sentensi ya mama. Je, mwandishi asiye na jina afanyeje na motifu, yaani wazo linalojirudia katika hadithi nyingi, ambayo msomaji wake ameizoea kuliko yeye? Niipindue, niifiche zaidi, au nitafute jinamizi jingine?

MsomajiMkongwe alijibu:

Usitafute jinamizi jingine. Nadhani umewaelewa vibaya wasomaji wako: hawakuchoshwa na pacha, walichoshwa na kufichwa kitu wanachokiona. Mara tu mama anaposema ile sentensi, yeyote aliyewahi kusoma hadithi mbili za kutisha anajua kilichomo nyumbani, nawe (nabahatisha, lakini sidhani kama nakosea) unatumia kurasa kadhaa kumfanya kijana ajiulize kama amechoka, kama mama anaweweseka, kama labda ni mgeni aliyefanana naye. Hapo taharuki haipo, bali msomaji anasubirishwa mlangoni ilhali mlango uko wazi. Fanani wa ngano hakuificha hadhira yake kwamba bwana harusi mtanashati ni zimwi. Wasikilizaji walijua, bibi harusi hakujua, na hofu yote ikakaa katika pengo hilo. Kwa hiyo likubali jambo lako mapema, ikiwezekana katika aya ya kwanza, ili swali la msomaji lisiwe tena "ni nani huyu?" bali "anataka nini?"

Na hapo ndipo naona mswada wako una njaa. Warejelee hao wawili uliowataja. Mfano wa mhusika wa Poe hawezi kusema ila kwa mnong'ono, naye hujitokeza kila mwenzake anapokaribia kutenda uovu, kiasi kwamba anayewindwa ndiye mwenye hatia. Karani wa Dostoevsky yeye hapigwi wala hanyongwi. Mwenzake anaajiriwa katika ofisi ileile, anapendwa na wakubwa, na kidogo kidogo anaitwaa nafasi ambayo karani mwenyewe hakuwahi kuijaza sawasawa. Kila mfano una kazi yake mahususi, na kazi hiyo inachomoka katika udhaifu mahususi wa mtu mmoja. Wako anafanya nini kwa saa zote anazokaa na mama? Hukutueleza hata kidogo, ukakimbilia kioo na ugomvi.

Mimi ningeandika hivi: anamuuguza vizuri kuliko mwana. Hana haraka, hatazami saa, anakumbuka kuugeuza mto, anasikiliza kwa mara ya kumi kisa kilekile cha ujana wa mama. Kijana akimfukuza, anamnyang'anya mama yake raha ya mwisho. Akimwacha, anajifuta mwenyewe. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mfano wa mtu ndilo zimwi linalokujua kuliko yeyote, na pengine hofu ya hadithi yako ni kuona kwamba methali hiyo haikumhesabu yeye.

BintiWino alijibu:

Nakubaliana na Msomaji Mkongwe kuhusu kukiri mapema, lakini nadhani anakupa moyo kupita kiasi, kwa sababu si kila kilichozoeleka kinaweza kuokolewa. Motifu ni jambo moja, na vifaa vinavyoiandama ni jambo jingine. Taswira ya kioo inayochelewa kumfuata mwenyewe, mbwa anayembwekea bwana wake, mtoto mdogo anayeona kile ambacho watu wazima hawakioni, na huyo msimulizi anayejifichua katika sentensi ya mwisho kuwa ndiye wa bandia: vyote hivi vimechakaa, na ukiviweka pamoja katika kurasa chache msomaji anaacha kuogopa na kuanza kuhesabu. Beba kimoja tu, ukilazimika, na huo mwisho wako uutupe leo.

Kioo nacho, ukiamua kukibakiza, kiandike kwa ukweli wake. Mwaka 2010 mtafiti wa Italia, Giovanni Caputo, alieleza jaribio ambamo watu waliwekwa katika chumba chenye mwanga hafifu na kutakiwa waitazame sura yao katika kioo kwa dakika 10. Wengi waliona nyuso zao zikipindika, na baadhi wakaona uso wa mtu wasiyemjua kabisa. Hakukuwa na jini wala radi. Palikuwa na taa dhaifu na mtu aliyekaa kimya muda mrefu mno, na hilo latisha zaidi kuliko ngumi zozote, kwa sababu msomaji anaweza kulijaribu usiku huohuo.

Jambo la pili ni kwamba umeunganisha hofu mbili bila kuzitenganisha. Kumwona mtu mwenye sura yako ni hofu moja. Kumtazama mpendwa wako na kuhisi kwamba huyu siye, ingawa kila kitu ni chake, ni hofu nyingine, na madaktari wanaijua: mwaka 1923 Joseph Capgras na mwenzake Reboul-Lachaux walimweleza mgonjwa aliyeshikilia kwamba watu wa familia yake walikuwa wameondolewa na kuwekewa wengine wanaofanana nao. Kijana wako anaishi ile ya kwanza, na mama angeweza kuishi ile ya pili. Je, siku moja atamtazama mwanawe halisi na kumwambia aondoke? Sikushauri utaje jina la ugonjwa wowote, maana hadithi ya kutisha inayoishia katika utambuzi wa daktari huwa imejizima yenyewe, na tena si vyema kumfanya mgonjwa awe ndilo dubwana. Nakuomba tu uamue tunakaa upande wa macho ya nani.

MhaririWaZamani alijibu:

Wenzangu wameshughulikia msuko, nami nitasema juu ya sarufi, kwa sababu naona waandishi wengi wa hadithi hizi wanaandika kana kwamba Kiswahili hakina hila zake. Kiambishi "a-" hakituambii ni nani kati ya wawili. Ukiandika "alimtazama akatabasamu", msomaji hajui nani ametazama na nani ametabasamu, na katika hadithi ya kawaida mhariri angekurudishia sentensi hiyo ikiwa na mstari mwekundu. Katika hadithi hii, mahali pamoja au pawili ulipopachagua mwenyewe, iache. Ukiitumia kila ukurasa utaonekana umeshindwa kuandika.

Hila iliyo kubwa zaidi ni upatanisho wa ngeli. Mwite mgeni "yule" na umpe "a-" kwa muda wote ambao kijana bado anamhesabu kuwa mtu. Siku imani hiyo inapokatika, msimulizi aseme "kitu kile", na kuanzia hapo viambishi vibadilike: kiliinama, kikamfunika mama shuka, kikanong'ona. Hutahitaji kueleza kwamba kijana ameogopa. Tahadhari ni moja: jina "kitu" litangulie waziwazi, la sivyo msomaji atadhani unamdunisha mtu, kama tunavyosema "kijitu". Wakati huohuo mama aendelee kusema "yeye" na "mwanangu" bila kuyumba, ili katika chumba kimoja kuwe na sarufi mbili zinazogombana. Ukiwa jasiri, fanya hivyo mara moja kinyume: mama amtaje mwana halisi, aliyesimama mlangoni, kwa "ki-".

Nimecheka kidogo pia kwamba mswada wako, kwa jinsi ulivyoueleza, haukulitumia neno "kujiona". Mtu anayejiona ni mtu mwenye majivuno, na ni mtu aliyeona sura yake mwenyewe. Kijana anayeamini kwamba hakuna anayeweza kumuuguza mama kama yeye, kisha akajiona ameketi kando ya kitanda: neno moja limebeba kosa na adhabu. Usilieleze, liweke tu mahali pake na upite.

KalamuChanga alirudi:

Nawashukuru sana, hasa kwa ukali. Nimeondoa kioo, ugomvi na ufichuzi wa mwisho, na kurasa 9 zimekuwa 4. Nilimjaribu mama kama msimulizi, kama alivyodokeza Binti Wino, lakini hofu ilipungua, kwa kuwa yeye hana anachopoteza: wana wawili ni bora kuliko mmoja aliyechoka. Kwa hiyo nimebaki na kijana, ila sasa anasimulia akijua, na anaporudi kutoka kazini anatembea polepole makusudi ili asimkute mwenzake. Ile sentensi ya mama haifungui hadithi tena, bali imesogea hadi katikati, na mama anaisema bila mshangao wowote.

Pendekezo la mama kumtaja mwanawe kwa "ki-" nimeliandika na kulifuta mara mbili, na bado sijui kama nina ujasiri huo. Aya ya kwanza, hata hivyo, imetulia, nayo inaanza hivi: "Siku ya tatu nilikikuta kikimkata mama kucha, na sikuingia."