Piza ya Baraka na sukari ya Mama

*Alhamisi*

Neema: Jamani, Baraka Jumamosi anatimiza miaka 10. Kasema hataki pilau, anataka piza. Sasa sukari ya Mama?

Shangazi Rehema: Wifi mpikieni dona na mchicha pembeni.

Mama: Wifi, birthday ya mjukuu wangu sikai pembeni. Nitakula naye.

Joel: Mama, Pasaka unaikumbuka lakini?

Mama: Naikumbuka vizuri. Tulikula piza saa mbili usiku. Saa nne nikapima sukari, 8.1, nikalala na furaha zangu. Saa saba kiu imenikaba, chooni sitoki. Kupima tena, 14.2!

Shangazi Rehema: Mungu wangu. Na hukumwamsha mtu!

Joel: Piza ndivyo ilivyo. Ule unga mweupe unageuka sukari mwilini, ila chizi na mafuta vinachelewesha chakula tumboni. Soda inapandisha upesi, piza inakuja taratibu halafu inakaa juu masaa mengi. Ukipima mara moja tu inakudanganya.

Mama: Basi siku hiyo nimeze vidonge vyangu vya sukari, metformin, viwili?

Joel: Hapana Mama, tafadhali. Dozi haiguswi bila daktari.

Neema: Mimi naona tule mchana, saa saba, tuwe naye macho. Unga nitakanda mwenyewe, niusukume mwembamba kama chapati. Juu kuku, hoho, uyoga, chizi kidogo. Mama aanze na kachumbari na kuku, ndipo piza.

Mama: Vipande vingapi?

Neema: Viwili mama yangu. Na maji, soda hapana.

Shangazi Rehema: Mimi nitaleta matango na nyanya. Vijiti vya mashine ya kupimia sukari vipo?

Mama: Vimebaki vinne.

Joel: Nanunua kesho nikitoka kazini.

*Jumamosi*

Mama: Kabla ya kula 6.4 🙏

Neema: Kala viwili, sahani ya kachumbari kaimaliza. Baraka kamshika mkono wanazunguka mtaa, sasa hivi wako kwa muuza miwa. Dakika ishirini na kitu.

Shangazi Rehema: Miwa wasiguse!

Mama: Hatujagusa wifi. Saa tisa hii, 8.7.

Joel: Safi. Saa kumi na mbili pima tena, usiache.

Mama: 9.3. Baraka ndiye kanitoboa kidole, anasema hakuniumiza. Kweli hakuniumiza.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah. Kabla ya kulala pima na ya mwisho, nakaa macho naisubiri.