Sun Bin na hila ya meko: Pang Juan alinaswaje pale Maling?

msomaji_wa_kale: Wakuu, nafuatilia maisha ya Sun Bin, mwanamikakati wa dola ya Qi katika Uchina ya kale. Meko yaliyopungua kambini yalimdanganyaje jemadari mzoefu kama Pang Juan? Halafu, huyu ndiye Sun Tzu au ni mtu mwingine?

mwanzi72: Ni watu wawili, mkuu. Sun Tzu, yule wa kitabu cha Sanaa ya Vita, ni Sun Wu. Sun Bin ni wa ukoo wake, alikuja zaidi ya miaka 100 baadaye. Ubishi huo ulizimwa mwaka 1972, kaburi la enzi ya nasaba ya Han lilipofukuliwa Yinqueshan, Linyi, mkoani Shandong. Ndani yake vilikutwa vipande vya mianzi vyenye maandishi ya wote wawili.

Kuhusu Pang Juan, kumbuka yeye na Sun Bin walisoma pamoja. Alipokuwa jemadari wa dola ya Wei alimwita Sun Bin kwa siri, akamsingizia kosa, akakatwa miguu na kuchanjwa alama ya mhalifu usoni. Mjumbe wa Qi alimtorosha kwa gari lake. Mfalme wa Qi alipotaka kumpa ujemadari alikataa, akisema aliyeadhibiwa hivyo hafai. Basi Tian Ji akawa jemadari, naye Sun Bin akapanga vita akiwa ndani ya gari lililofunikwa.

fundi_wa_ngome: Sasa meko. Jeshi linaloondoka huacha meko kila lilikolala, na anayelifuata huyahesabu ili akadirie idadi ya watu. Mwaka 341 KK Wei iliishambulia dola ya Han (si nasaba ya Han iliyotajwa juu). Qi, badala ya kwenda Han, ikaingia nchi ya Wei yenyewe. Pang Juan akageuka kuwafuata. Siku ya kwanza Qi waliacha meko 100,000, ya pili 50,000, ya tatu 30,000. Akaamini zaidi ya nusu wametoroka, kwa sababu tangu zamani watu wa Wei waliwaona wa Qi ni waoga. Sun Bin aliijua dharau hiyo na ndiyo aliyoilisha.

Pang Juan aliacha askari wa miguu nyuma, akakimbia na kikosi chepesi mwendo wa siku mbili kwa siku moja. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kutegemea dalili moja. Jeshi linalovunjika huacha pia silaha zilizotupwa na watoro wa kuhoji. Hayo ndiyo ya kutafuta kabla ya kugawa jeshi.

Sun Bin alikadiria kwamba Pang Juan angefika Maling jioni, giza likiingia. Njia pale ni nyembamba na kando zake zina vizuizi. Akaficha pinde 10,000 zenye kifyatulio, akachubua gome la mti mkubwa na kuandika kwamba Pang Juan atafia chini yake. Amri ilikuwa moja: mkiona moto usiku, fyatueni kwa pamoja. Pang Juan akawasha moto asome. Hakumaliza. Alijikata koo, na Shen, mwana wa mfalme wa Wei, akatekwa.

mwanzi72: Hiyo ni simulizi ya Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa Uchina. Vipande vya Yinqueshan vinasema Pang Juan alikamatwa mapema zaidi, Guiling, mwaka 353 KK. Huko Sun Bin alitoa kwanza vikosi viwili dhaifu vipigwe mjini Pingling ili uongozi wa Qi uonekane wa kijinga. Kisha akatuma magari mepesi kuelekea Daliang, mji mkuu wa Wei. Pang Juan akatupa mizigo, akakimbilia nyumbani, akavamiwa njiani. Kama aliachiliwa baadaye, simulizi zote mbili zinaweza kusimama.

msomaji_wa_kale: Asanteni sana. Kuna aliyewahi kuirudia hila hiyo?

fundi_wa_ngome: Yu Xu, afisa wa enzi ya nasaba ya Han ya Mashariki, ila aliigeuza. Akifukuzwa na Waqiang, kabila lililopigana na Han, waliomzidi idadi, aliamuru kila askari ajenge meko mawili, na kila siku yaongezwe maradufu. Waqiang wakadhani wenyeji wanakuja kumpokea, wakaogopa kumkaribia. Alipoulizwa kwa nini anaenda kinyume cha Sun Bin, alijibu kwamba Sun Bin alionyesha udhaifu, yeye anaonyesha nguvu, kwa kuwa hali zao si moja.